Kanada inatafuta namna ya kutomtegemea jirani yake. Ilijaribu 1972 ikashindwa, safari hii itaweza?

Wakuu, heshima kwenu.

Tangu waziri mkuu wa Kanada, Mark Carney, asimame kwenye mkutano wa uchumi wa dunia huko Davos tarehe 20 Januari 2026, humu jukwaani amesifiwa sana. Nilisikiliza hotuba ile mwanzo mpaka mwisho na ninaiheshimu. Alisema utaratibu wa zamani wa dunia umevunjika na hautarudi, na kwamba mataifa yenye nguvu za kati yasiposhikana yatageuzwa kitoweo cha wakubwa. Alikiri pia jambo ambalo Waafrika wamelisema kwa miongo mingi bila kusikilizwa: kwamba nchi kama yake zilijua fika kuwa ile habari ya dunia inayoongozwa na sheria ilikuwa na uongo ndani yake, wenye nguvu walijitoa kwenye sheria kila walipotaka, na kanuni za biashara ziliwabana baadhi ya watu kuliko wengine. Waziri mkuu wa nchi ya G7, lile kundi la mataifa saba tajiri, kusema hivyo hadharani si jambo dogo.

Nafungua uzi huu kwa sababu naona mjadala umekwama kwenye hotuba. Ninachotaka tukijadili ni kama Kanada inaweza kweli kuacha kuegemea Marekani. Ilishajaribu huko nyuma, ikiwa na viongozi wenye akili na nia njema, na ikashindwa vibaya. Safari hii ikifanikiwa, itafanikiwa kwa mabomba, reli, bandari na maelewano kati ya majimbo yake kumi. Hayo yasipotokea, Davos itabaki kuwa siku nzuri tu.

Tuitazame hali ilivyo. Kanada ina watu takriban milioni 41 kwenye ardhi ambayo kwa ukubwa inazidiwa na Urusi peke yake. Wengi wao wanaishi karibu na mpaka wa Marekani, wenye urefu wa kilomita 8,891. Mwaka 2024 kama robo tatu ya bidhaa zote zilizouzwa nje zilikwenda kwa mteja huyo mmoja, na mafuta ghafi karibu yote. Magari ya Ontario ndiyo usiseme. Tangu makubaliano ya magari ya 1965, viwanda vya Windsor na vya Detroit vinafanya kazi kama kiwanda kimoja, na kipuri kinaweza kuvuka mpaka mara kadhaa kabla gari halijakamilika. Hata ulinzi wa anga ni wa pamoja, kupitia NORAD, tangu 1958.

Pierre Trudeau, waziri mkuu wa wakati huo na baba yake Justin Trudeau aliyekuja kushika cheo hichohicho, aliwaambia waandishi wa Washington mwaka 1969 kwamba kuishi jirani na Marekani ni kama kulala kitanda kimoja na tembo: hata awe mpole kiasi gani, akijitikisa kidogo unasikia. Miaka miwili baadaye tembo akajitikisa kweli. Agosti 1971 Rais Richard Nixon aliweka ushuru wa asilimia 10 kwa bidhaa zinazoingia Marekani. Kanada ikaomba iachwe nje kama ilivyozoea kuachwa. Ikakataliwa.

Ndipo mwaka 1972 waziri wa mambo ya nje, Mitchell Sharp, alipoweka mezani njia tatu. Ya kwanza, kubaki vilevile. Ya pili, kusogea karibu zaidi na Marekani. Ya tatu, kujenga uchumi wa ndani na kutafuta masoko kwingine. Serikali ikachagua ya tatu, na mwaka 1976 ikatia saini makubaliano ya ushirikiano na Jumuiya ya Ulaya. Wakati huo kama theluthi mbili ya mauzo ya nje ya Kanada yalikuwa yanakwenda Marekani. Kufikia mwaka 2000 yalikuwa yamepita asilimia 80. Yaani walitangaza wanaondoka, wakajikuta wamehamia ndani kabisa.

Kwa nini? Serikali inaweza kutangaza sera, lakini anayeuza mbao, ngano na vipuri ni mfanyabiashara, naye huangalia nauli. Soko la Chicago liko saa chache kwa lori. Hamburg inataka meli, lugha nyingine, viwango vingine na mteja usiyemjua. Hakuna aliyejenga miundombinu ya kufanya njia ngumu iwe rahisi, kwa hiyo kila mtu akaendelea na njia rahisi. Halafu ikaja serikali ya Brian Mulroney, ikaamua wazi kwenda njia ya pili. Uchaguzi wa 1988 ulipiganwa karibu wote juu ya mkataba wa biashara huria na Marekani. Mulroney akashinda, mkataba ukaanza 1989, na NAFTA, iliyoiongeza Meksiko, ikafuata 1994.

Kuna kitu hapa wengi hawakijui. Mwaka 1911 mambo yalikuwa kinyume: Liberal wa Wilfrid Laurier ndio walitaka kufungua biashara na Marekani, na Conservative wa Robert Borden wakawashinda kwa kuwaambia watu kwamba nchi itamezwa. Vyama vimebadilishana nafasi, lakini hofu ni ileile. Ukitaka kuelewa siasa za Kanada, uliza kila uchaguzi: safari hii ni nani anayeonekana kumlinda mwananchi dhidi ya jirani?

Hilo ndilo lililoamua uchaguzi wa 2025. Mwanzoni mwa Januari ile Conservative wa Pierre Poilievre walikuwa mbele kwa zaidi ya pointi 20 kwenye kura za maoni. Watu walikuwa wamechoka na bei za nyumba, na walikuwa wamemchoka Justin Trudeau, aliyetangaza kuondoka tarehe 6 Januari. Lakini Donald Trump, aliyekuwa ameanza tangu Desemba 2024 kusema Kanada iwe jimbo la 51 la Marekani, akazidi kulirudia hilo, na Machi akaweka ushuru wa asilimia 25. Chuma na alumini zilifuata, zikafika asilimia 50 mwezi Juni. Majimbo yakaondoa pombe za Marekani madukani, na watu wakaanza kusoma lebo za bidhaa kabla ya kununua.

Carney hakuwahi kugombea cheo chochote cha kisiasa kabla ya hapo. Alikuwa gavana wa benki kuu ya Kanada kuanzia 2008, kisha wa benki kuu ya Uingereza kuanzia 2013. Alishinda uongozi wa chama tarehe 9 Machi, akaapishwa tarehe 14, na tarehe 28 Aprili Liberal wakapata viti 169 kati ya 343. Poilievre alipoteza hata kiti chake cha Carleton, ikabidi aingie bungeni Agosti kwa uchaguzi mdogo huko Alberta. Msidhani hata hivyo kwamba Conservative walikataliwa. Walipata asilimia 41.3 ya kura. Waliomalizwa ni NDP, chama cha mrengo wa kushoto, waliobaki na viti 7 kwa sababu wapiga kura wao walikimbilia kwa Liberal ili kumzuia Poilievre. Nchi imegawanyika karibu katikati, na bajeti ya Novemba 2025, yenye nakisi ya dola za Kanada bilioni 78.3, ilipita kwa kura 170 dhidi ya 168.

Sasa tuje kwenye mafuta, maana hapo ndipo roho ya jambo ilipo.

Alberta ni Uganda ya Kanada: mafuta tele, bahari hakuna. Uganda ilihangaika kati ya Lamu na Tanga hadi 2016 ilipochagua Tanga, na bomba la kilomita 1,443 kutoka Hoima likapewa njia. Alberta nayo inahitaji pwani ya British Columbia, lakini British Columbia ina serikali yake, ina watu wa asili wenye haki juu ya ardhi na maji yao, na tangu 2019 kuna sheria ya shirikisho inayozuia meli kubwa za mafuta pwani ya kaskazini. Kwa hiyo kwa miaka mingi mafuta ya Alberta yalikuwa na mnunuzi mmoja, na mwenye mnunuzi mmoja hapangi bei. Mwishoni mwa 2018 pipa la Alberta liliuzwa kwa zaidi ya dola 40 chini ya bei ya mafuta ya Marekani.

Mwaka huohuo kampuni iliyokuwa ikipanua bomba la Trans Mountain ilichoka na vikwazo, serikali ya Trudeau ikalinunua kwa dola za Kanada bilioni 4.5. Lilipofunguliwa Mei 2024 gharama za upanuzi zilikuwa zimefika kama bilioni 34. Fedha za kutisha. Lakini sasa linabeba hadi mapipa 890,000 kwa siku, na meli zinazopakia karibu na Vancouver zinafika mpaka China. Katikati ya 2025 shehena ya kwanza ya gesi iliyosindikwa ikaondoka Kitimat, pwani ya British Columbia, kwenda Asia. Haya mawili yamefanya kazi kubwa zaidi ya kupunguza utegemezi kuliko karatasi zote za 1972, na yote mawili yalijengwa kwa sehemu kubwa enzi za Justin Trudeau, aliyelaumiwa Alberta kila siku.

Carney anataka kuendeleza hapo. Juni 2025 bunge lilipitisha sheria ya kuharakisha miradi mikubwa na kuondoa vizuizi vya shirikisho kwa biashara ya ndani. Tarehe 27 Novemba alitia saini makubaliano na waziri mkuu wa Alberta, Danielle Smith, kuhusu bomba jipya kwenda Pasifiki. Siku hiyohiyo Steven Guilbeault, mwanaharakati wa mazingira aliyekuwa waziri, akajiuzulu. Waziri mkuu wa British Columbia, David Eby, hakufurahi, wenyeji wa pwani walisema hapana, na mpaka saini zinawekwa hakuna kampuni binafsi iliyokuwa imejitokeza kulijenga.

Na biashara ya ndani msiidharau. Mwaka 2018 Mahakama ya Juu ya Kanada iliamua kwamba jimbo la New Brunswick lina haki ya kuzuia mtu kuingiza bia nyingi alizonunua Quebec. Nchi moja, bendera moja, na bia zinakamatwa njiani! Muuguzi akihama jimbo anaanza kuhangaika na leseni, na malori yanakutana na kanuni tofauti kila jimbo. Nchi inayotaka kuuza kwa Wajapani bado haijamaliza kuuziana yenyewe.

Karibuni kwa michango.

Mgodini Kahama:

Mkuu, uzi mzuri ila umewapamba. Hawa ndio wenye Barrick, kampuni ya dhahabu. Sisi tulioishi enzi za sakata la makinikia, ule mchanga wenye madini, hatuwezi kumwonea huruma Mkanada anayelia kwamba mkubwa anamwonea. Wao walipokuwa na nguvu juu yetu waliitumiaje?

Mleta uzi:

Mkuu, swali lako ni la haki na silikwepi. Soko la hisa la Toronto ndilo lenye makampuni mengi ya madini kuliko soko lolote duniani, na Wakanada wengi hawana habari ya kinachofanywa kwa jina la nchi yao huko mbali. Tanzania ilipozuia kusafirisha makinikia Machi 2017, Barrick, iliyokuwa na hisa nyingi ndani ya Acacia iliyochimba dhahabu huku kwetu, ilikuja kuzungumza yenyewe. Mazungumzo yale yakazaa kampuni ya ubia ya Twiga mwaka 2019, serikali ikiwa na asilimia 16, pamoja na ahadi ya kulipwa dola milioni 300. Unaweza kubishana kama tulipata vya kutosha. Mimi naona tulipata kidogo kuliko tulivyotangaziwa. Ila tulikaa mezani.

Nenda nyuma zaidi, kwenye ngano ya Hanang. Kuanzia miaka ya 1970 fedha na wataalamu wa Kanada walilima ngano kwa trekta kwenye uwanda wa Basotu, mashamba makubwa kabisa, na wafugaji wa Kibarabaig wakapoteza malisho yao bora na hata makaburi ya wazee wao. Yalifanywa na nchi iliyojiona rafiki wa Nyerere, na kwa mengi ilikuwa rafiki kweli. Iliwafunza wanajeshi wetu kuanzia 1965 hadi 1970, na baadaye Mulroney alimpinga Margaret Thatcher waziwazi juu ya vikwazo kwa makaburu. Yote hayo ni Kanada ileile.

Ndiyo maana kile alichokiri Carney Davos kina uzito kwangu, na ndiyo maana nimeumia kuona bajeti yake ya Novemba imepunguza misaada ya nje kwa dola bilioni 2.7 katika miaka minne, baada ya kuahidi kwenye kampeni kwamba hataigusa. Ukitaka mataifa madogo yasimame nawe, hiyo si namna ya kuanza.

Mama Zawadi, Edmonton:

Nawasalimu wote. Nipo huku Alberta miaka mingi, nafanya kazi ya kuhudumia wazee. Nyie mnazungumza bomba, sisi huku habari ni kujitenga. Kanisani, kazini, kwenye basi. Wapo wanaosema serikali ya shirikisho kule Ottawa inachukua fedha zetu na kutuzuia kuuza mafuta. Wengi ninaofanya nao kazi hawataki kujitenga, lakini kelele zimezidi kuliko nilivyowahi kuzisikia. Kaka, unalionaje hilo?

Mleta uzi:

Shikamoo mama, na ahsante kwa kutuletea habari za huko huko.

Sidhani kama Alberta itaondoka, lakini sipuuzi. Quebec ilipiga kura mara mbili. Mwaka 1980 waliotaka kubaki walikuwa karibu asilimia 60. Mwaka 1995 walikuwa asilimia 50.58, yaani nchi ilinusurika kwa unywele. Baada ya hapo Mahakama ya Juu ikasema mwaka 1998 kwamba jimbo haliwezi kujiondoa peke yake, ila kura iliyo wazi italazimisha mazungumzo. Alberta ikijaribu itakutana na hayo, na itakutana pia na mikataba ambayo mataifa ya wenyeji waliingia na Taji la Uingereza kabla Alberta haijawa jimbo. Wao wamesema wazi kwamba ardhi ile haigawanywi bila wao. Kisha kuna ombi la wanaotaka kubaki, lililokusanya saini zaidi ya 400,000 mwaka 2025. Hiyo ni sauti kubwa.

Tena mama, kiongozi wa upinzani jimboni kwako, Naheed Nenshi, aliyekuwa meya wa Calgary kuanzia 2010 hadi 2021, wazazi wake walitoka Tanzania. Wapo wengi wa namna hiyo. Arif Virani, aliyekuwa waziri wa sheria wa shirikisho hadi 2025, alizaliwa Kampala, na familia yake ilikuwa kati ya maelfu waliopokelewa Kanada mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia. Ukiuliza Kanada imepata nini kwa kufungua mlango, jibu mojawapo ndilo hilo.

Kijana wa Makongoro:

Mlango gani mkuu? Mdogo wangu amelipa ada ya awali kwenye chuo kimoja cha Ontario, kibali cha kusoma kikakataliwa, na kurudishiwa hela ni danadana. Wakala aliyemshughulikia hapokei simu. Hao ndio wanaotafuta marafiki duniani?

Mleta uzi:

Pole sana kwa mdogo wako. Hili linahusu familia nyingi zinazosoma humu, kwa hiyo nitalieleza wazi.

Mwaka 2023 idadi ya watu Kanada ilikua kwa asilimia 3.2, karibu wote kwa uhamiaji. Nyumba hazikuongezeka kwa kasi hiyo. Vyuo vingine viligeuza wanafunzi wa nje kuwa chanzo cha mapato, na serikali za majimbo zilifumba macho kwa sababu ziliokoa ruzuku. Januari 2024 kikawekwa kikomo cha vibali vya kusoma, na Oktoba mwaka huo malengo ya ukaazi wa kudumu yakapunguzwa. Mpango wa sasa unasema wakaazi wapya wa kudumu 380,000 kwa mwaka kuanzia 2026, na wanafunzi wapya 155,000 tu kwa 2026. Liberal na Conservative sasa wanashindana nani atapunguza zaidi. Kosa lilikuwa la mipango yao, na aliyeliwa fedha ni kijana wa Mwanza na wa Kisumu. Naliona ni dhuluma.

Yeyote anayepanga kwenda, asiuze shamba kwa neno la wakala. Hakikisha chuo kina ruhusa ya kupokea wanafunzi wa nje, soma masharti ya kurudishiwa ada kabla hujalipa, na usichukulie kibali cha kusoma kama tiketi ya ukaazi.

Muhamiaji wa Moncton:

Jambo wapendwa. Mimi ni wa Bukavu, niko New Brunswick. Nataka kuongeza kwamba kwa sisi tunaosema Kifaransa mlango haujafungwa sana. Serikali inataka wasema Kifaransa waongezeke inje ya Quebec. Kwa mwaka 2026 lengo ni asilimia 9 ya wakaazi wapya wa huko. Watu wa Bujumbura, Goma na Kigali waliosoma kwa Kifaransa wafwatilie njia hiyo.

Mleta uzi:

Ahsante ndugu yangu. Hilo ni la maana kuliko nusu ya niliyoyaandika.

Pwani Huru:

Na China je? Carney kaenda Beijing Januari, karudi na mkataba wa magari ya umeme. Si amemkimbia tembo mmoja kwenda kwa mwingine?

Mleta uzi:

Hofu hiyo ninayo pia. Oktoba 2024 Kanada iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme ya China, ikifuata Marekani ili kulinda viwanda vya Ontario. China ikajibu kwa kupiga kanola, mbegu za mafuta zinazolimwa Saskatchewan na jirani zake. Mkulima wa Regina akalipia gari la Windsor. Januari 2026 wakakubaliana: magari 49,000 kwa mwaka yaingie kwa ushuru wa asilimia 6.1, na China ilegeze kwenye kanola. Trump akatishia ushuru wa asilimia 100 kama Kanada itakwenda mbali zaidi na China, na serikali ya Ontario nayo ikanung'unika. Magari 49,000 ni machache kwenye soko lile, kwa hiyo kwangu hiyo ni hatua ya kumtuliza mkulima tu, na ingekuwa hatari kuipanua bila kupata wateja wengine.

Hao wengine wapo. Mkataba na Umoja wa Ulaya umekuwa ukitumika tangu 2017. India, ambayo uhusiano nayo uliharibika baada ya kuuawa kwa Hardeep Singh Nijjar, mwanaharakati Mkanada wa jamii ya Sikh, huko Surrey mwaka 2023, imerudishiana mabalozi na Kanada. Kila mmoja wao ataongeza kidogo.

Ila tusisahau kwamba Carney huyuhuyu alifuta kodi ya makampuni makubwa ya mtandao Juni 2025 baada ya Trump kusimamisha mazungumzo ya biashara, na Oktoba alimwomba radhi kwa tangazo la televisheni la serikali ya Ontario lililotumia sauti ya rais wa zamani wa Marekani, Ronald Reagan. Simlaumu. Mwenye kuuza robo tatu ya mali yake kwa mteja mmoja hana nafasi ya kujibu kila tusi. Julai 2026 mkataba wa nchi tatu, Kanada, Marekani na Meksiko, unafika kwenye mapitio yake ya miaka sita. Kabla ya hapo nitaangalia mambo mawili: kama kuna kampuni itakayotia fedha zake kwenye bomba la Pasifiki, na kama Eby na wenyeji wa pwani watakubali kukaa na Alberta. Atakayeona habari ya uhakika juu ya lolote kati ya hayo ailete hapa.